Kupanga majina na viambishi katika Emacs Lisp: mwongozo wa hatua kwa hatua

Emacs Lisp, lugha ya kuandikia programu za kihariri cha Emacs, ina jedwali moja tu la majina. Kila funksheni na kila kigeu, cha kwako, cha mwenzako na cha Emacs yenyewe, simboli yake imo humo humo. Hakuna ukuta kati ya faili na faili. Ukiandika `(defun hesabu ...)`, na faili uliyopakua jana nayo ina `(defun hesabu ...)`, itakayosomwa mwisho ndiyo itakayobaki. Emacs haitasema neno. Utashangaa tu jioni kwamba programu iliyokuwa inafanya kazi asubuhi sasa inatoa majibu ya ajabu.

Ni sawa na ghala la dagaa pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza: magunia yote yanafanana, yamelala sakafu moja, na kinacholitofautisha la huyu na la yule ni herufi ambazo mwenyewe amezichora. Kwa Emacs Lisp, herufi hizo ni kiambishi awali. Lugha haikulazimishi kukiweka, ni desturi tu, lakini ndiyo uzio pekee ulio nao.

Humu nitatumia programu ndogo ya kuweka daftari la mwalo (mahali mitumbwi inaposhusha samaki): magunia yaliyoshuka kutoka visiwani, uzito wake, bei ya kilo. Nachukulia kwamba una Emacs 28 au toleo la baadaye, na kwamba umeshaandika angalau `defun` mbili tatu.

Hatua ya 1: Chagua kiambishi kabla ya kuandika mstari wa kwanza

Kiambishi kiwe jina la programu, na jina la programu liwe jina la faili. Faili ikiwa `mwalo.el`, basi kila kitu ndani yake kianze na `mwalo-`, na mstari wa mwisho uwe `(provide 'mwalo)`. Faili za pembeni zifuate mkondo huo huo: `mwalo-ripoti.el` hutumia `mwalo-ripoti-`.

Mimi sipendi viambishi vya herufi mbili. Vijana wengi huvichagua kwa sababu ya uvivu wa vidole, halafu wanagundua kwamba `dm-` au `zv-` imeshachukuliwa na mtu aliyeko bara jingine. Neno zima la Kiswahili lina faida hapa: `mwalo-` si rahisi ligongane na kazi ya Mjerumani. Lakini linaweza kugongana na kazi ya mtu wa Sengerema au Musoma, kwa hiyo angalia kwanza. Ndani ya Emacs:

```
M-x apropos RET ^mwalo- RET
```

Kisha fungua `M-x list-packages` utafute jina hilo kwenye orodha. Kama una faili nyingi za watu mbalimbali kwenye kompyuta moja, endesha pia `M-x list-load-path-shadows`. Itakuonyesha faili zenye jina moja ambapo ya kwanza inaifunika ya pili. `require` huchukua ile inayokutwa mwanzo, basi.

Kuhusu vidole: urefu haukugharimu kitu. Ukamilishaji wa kawaida wa Emacs huelewa vistari, kwa hiyo ukiandika `M-x m-g-o` na kubonyeza TAB, itajaribu kukamilisha `mwalo-gunia-ongeza`. Ndani ya faili, `C-M-i` hufanya kazi hiyo hiyo.

Hatua ya 2: Tenga vya wazi na vya ndani

Kistari kimoja ni kwa vitu ambavyo mtu mwingine anaruhusiwa kuvitumia. Vistari viwili ni kwa vya ndani, ambavyo unaweza kuvibadilisha kesho bila kumwomba mtu radhi.

```elisp
;;; mwalo.el --- Daftari la mwalo  -*- lexical-binding: t; -*-

(defvar mwalo--orodha nil
  "Magunia yaliyoandikwa leo.  Ya ndani.")

(defun mwalo--soma-mstari (mstari)
  "Gawa MSTARI kuwa orodha ya sehemu zake."
  (split-string mstari "," t " +"))

(defun mwalo-gunia-ongeza (mstari)
  "Ongeza gunia lililoandikwa kwenye MSTARI."
  (interactive "sAndika mwenye gunia, kilo: ")
  (push (mwalo--soma-mstari mstari) mwalo--orodha))
```

Tena, Emacs haizuii mtu kuita `mwalo--soma-mstari` kutoka nje. Lakini aliyefanya hivyo ameonywa, na likimharibikia hana wa kumlaumu.

Kwa vigeu, kiambishi ni muhimu kuliko kwa funksheni, na hili watu wengi hawalijui. Ukitangaza `(defvar bei 0)` popote pale, neno `bei` linageuka kuwa kigeu cha aina maalumu (special), kinachoshirikiwa na Emacs nzima. Sasa mwenzako ana hii kwenye faili yake, ambayo haihusiani na yako:

```elisp
(defun duka-kikokotozi (kwa-kilo)
  (let ((bei kwa-kilo))
    (lambda (kilo) (* kilo bei))))

(funcall (duka-kikokotozi 5000) 3)
```

Faili yake ikiwa na `lexical-binding: t`, kwa kawaida jibu ni 15000. Faili yako ikishatangulia kupakiwa, jibu ni 0. `let` yake haikushika tena `bei` kwa ajili ya ile `lambda` (funksheni isiyo na jina). Iliibadilisha kwa muda, ikairudisha, na `lambda` ilipokuja kuitwa ikakuta sifuri yako. Mwenzako anaweza kukesha akitafuta kosa kwenye faili ambayo haina kosa.

Kompaila ya Emacs hujaribu kukukinga. Ukikompaili faili yenye `defvar` hiyo itatoa onyo:

```
global/dynamic var ‘bei’ lacks a prefix
```

Usilipuuze. Ila fahamu mipaka yake: kompaila inaangalia tu kama jina lina kistari au alama ya aina hiyo. `bei-kilo` litapita bila onyo ingawa si kiambishi chako. Kompaila haijui wewe ni nani.

Hatua ya 3: Majina ya Kiswahili, na mitego yake

Nashauri mambo ya mwaloni yaitwe kwa Kiswahili. Anayeisoma programu ni mtu anayejua gunia, mtumbwi na karabai. Kumlazimisha atafsiri kichwani ni kumwongezea kazi. Lakini Kiswahili kina tabia zake ambazo Lisp haikuzitarajia.

Kwanza ni ile king'ong'o. Alama ya `'` ndani ya jina hukata jina. Ukiandika:

```elisp
(setq mwalo-ng'ambo 12)
```

kisomaji cha Lisp kinaona vitu vitatu: `mwalo-ng`, kisha `'ambo`, kisha `12`. `setq` italalamika kwamba idadi ya vitu haikukaa sawa. Inawezekana kuandika `mwalo-ng\'ambo` na ikakubali, lakini kila atakayeitumia atalazimika kukumbuka huo mkwaju. Andika `mwalo-ngambo`. Mwenye lugha ataelewa, na maandishi anayoyaona mtumiaji kwenye skrini bado yatakuwa na tahajia sahihi kwa sababu hayo ni maneno ndani ya alama za nukuu, si simboli.

Pili ni wingi. Wingi wetu unakaa mbele ya neno, si nyuma: gunia ni magunia, mtumbwi ni mitumbwi, mvuvi ni wavuvi. Ukiwa na `mwalo-mtumbwi-sajili` na `mwalo-mitumbwi-hesabu`, hayatakaa pamoja kwenye orodha, TAB haitakuonyesha la pili ukianza na la kwanza, na ukitafuta `mtumbwi` kwenye faili zote utalikosa la wingi. Siku ya kubadilisha majina ndiyo utajua uchungu wake. Suluhisho langu ni umoja kila mahali, na neno la orodha likihitajika liwekwe mwisho: `mwalo-mtumbwi-sajili`, `mwalo-mtumbwi-orodha`, `mwalo-mtumbwi-idadi`. Mwalimu wa sarufi hatafurahi. Samaki, sato, sangara na dagaa hawana shida hii.

Tatu, vitenzi. Usitumie umbo la `ku-`. Ukiandika `mwalo-kuongeza`, `mwalo-kufuta`, `mwalo-kuhesabu`, kila kitenzi kitalala chini ya `mwalo-ku` na ukamilishaji hautakusaidia chochote. Tumia shina, `ongeza`, `futa`, `hesabu`, na litangulize jina la kitu kabla ya kitendo: `mwalo-gunia-ongeza`, `mwalo-gunia-futa`. Hapo ukiandika `mwalo-gunia-` na TAB, yote yanayohusu gunia yanajipanga mbele yako.

Maneno kama `hesabu` na `andiko` yanaweza kuwa jina la funksheni na la kigeu kwa wakati mmoja, kwa sababu Emacs Lisp huweka funksheni na thamani mahali tofauti ndani ya simboli. Haligongani, ila linamchanganya msomaji. Kigeu kiite `mwalo-jumla`.

Hatua ya 4: Viishio vya Emacs viache vilivyo

Kiswahili kisifike kwenye viishio ambavyo zana na watu wa Emacs wanavitegemea. Swali la ndiyo au hapana linaishia na `-p` (`mwalo-gunia-limejaa-p`), hali ya kuhariri na `-mode`, orodha ya funksheni zinazoitwa tukio likitokea na `-hook`, na kigeu chenye funksheni moja ndani yake na `-function`. Ukitengeneza `mwalo-mode` kwa `define-derived-mode`, Emacs itazaa yenyewe `mwalo-mode-map` na `mwalo-mode-hook`. Usihangaike kuyatafsiri.

Hatua ya 5: Angalia majina yanayozaliwa bila wewe kuyaandika

Hapa ndipo uzio hupasuka kimyakimya. Mstari huu, unaotangaza gunia kuwa kitu chenye sehemu mbili, uzito na bei:

```elisp
(cl-defstruct mwalo-gunia uzito bei)
```

unaonekana safi. Lakini unazaa `make-mwalo-gunia` na `copy-mwalo-gunia`, majina mawili yanayoanza nje ya kiambishi chako. Iandike hivi:

```elisp
(cl-defstruct (mwalo-gunia
               (:constructor mwalo-gunia-tengeneza)
               (:copier nil))
  uzito bei)
```

Kumbuka pia kwamba sasa `mwalo-gunia-uzito`, `mwalo-gunia-bei` na `mwalo-gunia-p` zimeshakuwepo. Ukija kuandika `(defun mwalo-gunia-bei ...)` ya kupiga hesabu ya bei, utakuwa umeifuta ile inayosoma bei ndani ya gunia. Ugomvi wa ndani ya nyumba yako mwenyewe, na kiambishi hakikusaidii hapo.

Makro (msimbo unaoandika msimbo) nazo zina la kwao. Jina la muda ndani ya makro linaweza kulimeza jina la mtu anayeitumia. Kinga yake ni `gensym`, inayotengeneza simboli isiyokuwamo kabisa kwenye lile jedwali kuu:

```elisp
(defmacro mwalo-kila-gunia (gunia orodha &rest mwili)
  (declare (indent 2))
  (let ((baki (gensym "baki")))
    `(let ((,baki ,orodha))
       (while ,baki
         (let ((,gunia (pop ,baki)))
           ,@mwili)))))
```

Ningeandika `baki` tupu ndani ya makro hiyo, mfanyabiashara anayehesabu salio lake kwa kigeu kinachoitwa `baki` angekuta limepotea. Na `baki` ni neno ambalo kila mwenye duka atalitumia.

Hatua ya 6: Kagua uzio

Emacs inaandika kila faili ilifafanua nini, ndani ya `load-history`. Fungua `*scratch*`, hakikisha uko kwenye folda ya mradi, kisha endesha:

```elisp
(let ((faili (expand-file-name "mwalo.el")))
  (load faili)
  (dolist (kitu (cdr (assoc faili load-history)))
    (let ((s (if (symbolp kitu)
                 kitu
               (and (eq (car kitu) 'defun) (cdr kitu)))))
      (when (and s (not (string-prefix-p "mwalo" (symbol-name s))))
        (message "Nje ya uzio: %s" s)))))
```

Majibu yatatokea kwenye bafa ya `*Messages*`. Jina linaloanza na `cl-` ni la mitambo ya ndani, lipite. Jingine lolote ni lako na linahitaji kiambishi. Ukitaka mkaguzi mkali zaidi, hasa kama unapanga kuitoa programu kwa umma, weka `package-lint`. Hilo linajua kiambishi chako kutokana na jina la faili na litakutajia kila jina lililotoroka.

Hatua ya 7: Kubadilisha majina ya zamani

Kama una faili iliyoandikwa bila kiambishi, hujachelewa. Maktaba ya Emacs yenyewe imepitia hili. Kwa miaka mingi kulikuwa na `cl.el`, iliyoleta majina ya Common Lisp (lugha ndugu ya Emacs Lisp) kama `loop`, `case` na `first` yakiwa uchi, bila kiambishi. Yakawa yanagongana na ya watu. Mwaka 2013, Emacs 24.3 ilileta `cl-lib`, kazi ile ile lakini kila jina likianza na `cl-`: `cl-loop`, `cl-case`, `cl-first`. Ile ya zamani haikung'olewa siku hiyo. Ilitangazwa rasmi kuwa imepitwa na wakati mwaka 2020, kwenye Emacs 27. Miaka saba ya kuwapa watu nafasi ya kuhama.

Wewe huhitaji saba, lakini utaratibu ni huo huo. Bonyeza `C-x p r` ili kubadilisha katika mradi mzima, na utafute kwa mpaka wa simboli:

```
\_<bei-ya-kilo\_>
```

Alama `\_<` na `\_>` zinahakikisha hugusi `bei-ya-kilogramu` kwa bahati mbaya. Jibu `y` au `n` kila mahali, usikimbilie `!` kabla hujaona kumi za kwanza. Kisha tafuta kwa macho sehemu zinazounda jina kwa `intern` na `concat`, maana hizo utafutaji hauzioni.

Kwa majina ambayo wengine walishayatumia, acha njia ya zamani ikiwa wazi:

```elisp
(define-obsolete-variable-alias 'bei-ya-kilo 'mwalo-bei-kilo "0.4")

(defcustom mwalo-bei-kilo 5000
  "Bei ya kilo moja ya dagaa, kwa shilingi."
  :type 'integer
  :group 'mwalo)

(define-obsolete-function-alias 'jumlisha-magunia
  #'mwalo-gunia-jumla "0.4")
```

Mpangilio wa kigeu si pambo: tangazo la jina la zamani lazima litangulie `defcustom`, ili thamani ambayo mtumiaji aliiweka kwa jina la zamani ihamie kwenye jipya. Majina ya vistari viwili hayahitaji huruma hii, yabadilishe tu.

Usijaribu matokeo kwenye Emacs ile ile uliyokuwa ukifanyia kazi. Ufafanuzi wa zamani bado umo kwenye kumbukumbu yake, na kila kitu kitaonekana kizima. Anza mpya isiyo na chochote:

```
emacs -Q --batch -L . -f batch-byte-compile mwalo.el
```

Funksheni uliyosahau kuibadilishia jina itatajwa hapo kuwa haijulikani.

Hatua ya 8: Vifupisho, ukivihitaji

Tuseme unatumia maktaba ya mwenzako yenye kiambishi `nanga-maandishi-`, na umechoka kukiandika. Tangu Emacs 28, iliyotoka 2022, kuna `read-symbol-shorthands`. Huwekwa mwisho wa faili, na huko tu. Kwenye mstari wa kwanza haifanyi kazi:

```elisp
;; Local Variables:
;; read-symbol-shorthands: (("nm-" . "nanga-maandishi-"))
;; End:
```

Fungua upya faili, na sasa ukiandika `nm-kata`, kisomaji kitaingiza kwenye jedwali `nanga-maandishi-kata`. Kifupisho kinaishi ndani ya faili hiyo peke yake. Faili nyingine zinaona jina refu. Ikitokea unataka simboli inayoitwa kweli `nm-kata`, itangulize kwa `#_`: `#_nm-kata` haiguswi.

Bei yake ni mbili. Anayetafuta jina refu kwa `grep` hatalipata ndani ya faili yako. Na Emacs ya zamani kuliko 28 itasoma `nm-kata` kama ilivyo na kukwama, kwa hiyo kwenye kichwa cha faili tangaza `;; Package-Requires: ((emacs "28.1"))`. Kwa kiambishi kifupi kama `mwalo-` mimi nisingevitumia kabisa.

Kama uko Common Lisp

Huko, kwa mfano kwenye kompaila ya SBCL, kuna kuta za kweli, na huhitaji kiambishi ndani ya jina:

```lisp
(defpackage :mwalo
  (:use :cl)
  (:export #:gunia-ongeza))
(in-package :mwalo)
```

Aliye nje ataandika `mwalo:gunia-ongeza` kwa lililotolewa nje, na `mwalo::soma-mstari` kwa la ndani. Nukta mbili mbili zikifanya kazi ya vistari viwili vya Emacs. Pakeji mbili ukizitumia pamoja kwa `:use` na zote zinatoa jina moja, mfumo utasimama papo hapo na kukuuliza unachagua lipi. Kwa sababu hiyo `:use` iachie `:cl` tu, na nyingine zote zipe jina fupi kwa `:local-nicknames`.